Hedhi imekatika miezi 16 na mifupa imepungua: ni dawa gani?

Swali: Nina miaka 22, nakimbia mbio ndefu na nafanya mazoezi Iten. Nina kilo 46, urefu sentimita 162. Sijaona siku zangu kwa miezi 16. Mwaka jana nilipata ufa kwenye mfupa wa muundi, mguu wa kushoto. Mwaka huu umekuwa wa kulia. Kipimo cha uzito wa mifupa, DEXA, kimetoa alama Z ya −2.2 kwenye uti wa mgongo na −1.4 kwenye nyonga. Daktari wa kwanza ameniandikia vidonge vya majira ili hedhi irudi na mifupa ijijenge. Wa pili ameniandikia alendroneti miligramu 70 kila wiki. Kocha anasema hedhi kukatika ni dalili kwamba nimeiva kwa mbio. Nimsikilize nani, na dawa ipi itanirudishia mifupa?

Jibu: Dada, kwa maelezo uliyotoa, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye ningekwambia umfuate. Vidonge vya majira vitakuletea damu bila kukujengea mfupa. Alendroneti ni dawa nzuri kwa bibi wa miaka 70 aliyevunjika nyonga, lakini kwa mwanamke wa miaka 22 ambaye huenda bado atazaa, si ya kukimbilia. Na kocha, kwa heshima zote, mwili ulioiva haupasuki miundi yote miwili ndani ya miaka miwili.

Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi kwa hali kama yako ni plasta ya estradioli (aina ya estrojeni, homoni ya kike) ya kubandika kwenye ngozi, pamoja na progesteroni ya kumeza siku chache kila mwezi. Hata hiyo hutanguliwa na chakula, na huanzishwa tu vipimo vikishathibitisha kwamba tatizo ni lile tunalolidhania. Niruhusu nianze na vipimo, maana vinaweza kugeuza jibu lote.

Hedhi hukatika kwa sababu nyingi. Cha kwanza ni kipimo cha mimba, hata kama una hakika huna. Kisha damu ipimwe TSH (homoni inayoongoza tezi ya shingo), prolaktini (homoni ya maziwa), FSH na LH (homoni za ubongoni zinazoamsha ovari) na estradioli, na ufanyiwe ultrasaundi ya tumbo la chini. Ikiwa estradioli iko chini, FSH na LH nazo ziko chini au zimebaki ukingoni mwa kawaida, na prolaktini na tezi ya shingo havina kasoro, basi ovari zako ni nzima, ila ubongo umezinyamazisha. Kuna kisehemu cha ubongo kiitwacho hipothalamasi ambacho hupima kama kuna chakula cha kutosha kwa kazi inayofanyika. Kikiona hakitoshi, hukata matumizi yasiyo ya lazima leo, na uzazi ndio wa kwanza kukatwa. Kwa uzito wako, mbio zako na nyufa zako, ndicho ninachotarajia vipimo vionyeshe.

Lakini FSH ikiwa juu, zaidi ya 25, ovari ndizo zilizochoka mapema, na jibu linakuwa jingine kabisa: estrojeni na progesteroni hutumiwa mpaka karibu umri wa miaka 50, bila kungoja chakula kifanye lolote. Prolaktini ikiwa juu, mara nyingi tiba ni kabergolini, miligramu 0.25 hadi 0.5 mara mbili kwa wiki, na hedhi hurudi yenyewe. Mwanamke aliyemwaga damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yasitoke na hedhi isirudi, huenda tezi ya pituitari ilikosa damu siku ile. Huyo anahitaji kupimwa kotisoli (homoni ya msongo) na homoni ya tezi ya shingo kabla ya mtu yeyote kufikiria mifupa. Kuna pia kifua kikuu cha mji wa mimba, ambacho kwetu hakijaisha. Hicho huharibu utando wa ndani wa mji wa mimba na kukata damu, lakini ovari zinaendelea kutoa estrojeni kama kawaida, kwa hiyo mifupa haina habari. Kinachokula mfupa ni ukosefu wa estrojeni. Damu kutotoka peke yake hakuudhuru.

Hukutaja sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ile tunayoiita Depo, lakini nauliza kwa sababu wengi husahau kuitaja. Inakata hedhi kwa wanawake wengi na inashusha estrojeni; mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito la mifupa kwenye karatasi yake mwaka 2004. Kwa mwanamke mwenye mifupa mizima si jambo la kutisha, kwani sehemu kubwa ya kilichopotea hurudi akiacha. Kwa mkimbiaji mwenye Z ya −2.2 ni njia ya kubadilisha. Tena hedhi inaweza kuchelewa miezi mingi baada ya sindano ya mwisho, kwa hiyo kama uliwahi kuchomwa, mwambie daktari tarehe.

Sasa hicho kipimo chako cha DEXA. Mashine huchapa alama mbili, T na Z. T inakulinganisha na kijana mwenye mifupa bora, na imetengenezwa kwa ajili ya wanawake waliokoma hedhi. Ndiyo inayoleta neno "osteoporosisi", yaani mifupa dhaifu, kwenye karatasi na kumtoa mtu jasho. Kwa umri wako husomwa Z, inayokulinganisha na wa rika lako. Z ya −2.0 au chini ya hapo maana yake mfupa uko chini ya unavyotarajiwa kwa umri. Wanamichezo wanaokimbia na kuruka kwa kawaida huwa na mifupa mizito kuliko wasiofanya mazoezi, kwa asilimia 5 hadi 15. Kwa hiyo hata ile −1.4 ya nyonga usiichukue kuwa nafuu. Kwa mkimbiaji, chini ya −1.0 tayari kuna kitu hakiendi sawa.

Turudi kwenye chakula, kwa hesabu. Chukua kilo zako 46, toa mafuta ya mwilini, tuseme zinabaki kilo 39. Mwili wa mwanamke huendesha shughuli zake zote vizuri ukibakiwa na takriban kalori 45 kwa kila kilo ya hizo 39 baada ya kulipia mazoezi, yaani kama 1,755 kwa siku. Ukishuka chini ya 30 kwa kilo, yaani 1,170, hedhi na ujenzi wa mfupa huanza kuyumba. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilomita 20 kwa siku ni kama 920. Tuseme unakula kalori 1,900, ambazo kwa msichana wa kawaida si haba. Toa 920, zinabaki 980, sawa na 25 kwa kilo. Sahani yako inaonekana imejaa, na bado una njaa ambayo tumbo halikuambii. Ili ufike 45 ungehitaji karibu 2,675.

Pengo la kalori 775 halijazwi kwa siku moja. Anza kwa kuongeza 300 hadi 350, kwa mfano chapati moja na kikombe cha maziwa, kaa hapo wiki mbili, kisha ongeza tena. Jaribio moja la miezi 12 kwa wanawake wanaofanya mazoezi waliokuwa na hedhi ya tabu, lililotoka mwaka 2021, liliongeza wastani wa kalori 330 tu kwa siku, na hedhi zilirudi kwa wengi zaidi kuliko kwa wale walioachwa kama walivyo. Kosa ninalolitarajia kwako ni kuongeza ugali na sukuma wiki. Vyakula hivyo vinajaza tumbo kabla havijajaza hesabu. Ongeza vinavyobeba kalori nyingi katika nafasi ndogo: mafuta kwenye mboga, karanga, parachichi, mayai, mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin), maziwa mazima ndani ya uji wa wimbi. Kosa la pili ni mbio za saa kumi na mbili asubuhi tumboni hamna kitu, kisha staftahi saa nne. Saa hizo za njaa zina madhara yake hata kama jumla ya siku ni nzuri. Kula ndizi au mkate na chai ya maziwa kabla ya kutoka, na kula tena mara ukirudi. Ukiondoa siku moja ya mbio kwa wiki, hesabu inakwenda haraka zaidi, lakini najua hilo utaligomea.

Lengo la kilo lipo, ingawa halifanani kwa kila mtu. Hedhi hurudi mara nyingi ukiwa kama kilo mbili juu ya uzito uliokuwa nao ilipokatika. Kwa urefu wako, usitarajie mengi chini ya kilo 48.5. Na usikate tamaa uzito ukifika na damu isionekane, kwa maana ubongo husubiri miezi kadhaa kabla ya kuamini. Ikiwa kula zaidi kunakutia hofu, ikiwa unapima uzito kila siku au unatapika kwa siri, sema wazi kwa daktari. Hapo mwanasaikolojia anaingia kwenye tiba mapema kama anavyoingia mtaalamu wa lishe.

Mbona nakazania chakula wakati umeuliza dawa? Kwa sababu mwili wenye njaa haukosi estrojeni tu. Homoni inayojenga mfupa, IGF-1, inashuka, leptini (homoni ya akiba ya mafuta) na homoni ya tezi T3 zinashuka, kotisoli inapanda. Estrojeni ni breki ya seli zinazobomoa mfupa, na plasta inaweza kuirudisha. Hizo nyingine hakuna dawa inayozirudisha kwa pamoja isipokuwa chakula. Wanawake wenye ugonjwa wa kujinyima chakula wasiopona hupoteza asilimia 2 hadi 3 ya mfupa kwa mwaka. Wewe uko kwenye umri ambao ungepaswa bado kuongeza.

Vidonge vya majira

Wazo la daktari wa kwanza linaeleweka: homoni haipo, mpe homoni. Tatizo ni aina yake na njia inayopitia. Vidonge vingi vya majira vina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa maabara. Ukimeza, inapita kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu ya mwili mzima, na ini linajibu kwa kupunguza IGF-1, ambayo kwako tayari iko chini. Ini hilo hilo linatoa kwa wingi protini inayokamata homoni, hivyo testosteroni kidogo uliyo nayo, ambayo nayo husaidia mfupa, inafungwa. Unapata breki upande mmoja huku upande wa kujenga ukizidi kudhoofika.

Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 liliwagawa wanamichezo 121 wa miaka 14 hadi 25 wenye hedhi iliyokatika au ya nadra katika makundi matatu: plasta ya estradioli na progesteroni, vidonge vya majira, na wasiopewa kitu. Baada ya miezi 12 waliobandikwa plasta walikuwa na mifupa bora kwenye uti wa mgongo na nyonga. Waliomeza vidonge hawakuwapita wasiomeza. Mwongozo wa Jumuiya ya Endokrinolojia ya Marekani wa mwaka 2017 ulikuwa umeshashauri vidonge visitolewe kwa lengo la kurudisha hedhi au kuokoa mfupa tu.

Kinachoniudhi zaidi kuhusu vidonge ni damu yake. Ile damu ya wiki ya vidonge vitupu si hedhi. Ni utando unaodondoka kwa sababu homoni ya kidonge imekatwa. Itakuja kila mwezi kwa tarehe, utafurahi, kocha atafurahi, na kipimo pekee cha bure ulicho nacho cha kujua kama unakula vya kutosha kitakuwa kimezimwa. Ni funika kombe mwanaharamu apite. Ukivihitaji kwa kuzuia mimba, hiyo ni sababu halali, ila usiviite dawa ya mifupa.

Plasta, jinsi inavyotumika

Plasta haianzi leo. Mwongozo huo wa 2017 unataka chakula na kupunguza mazoezi vipewe miezi 6 hadi 12 ya kweli. Wewe una nyufa mbili na Z chini ya −2.0, na miezi 16 imeshapita; kwa mtu kama wewe ningezungumza na daktari kuhusu plasta baada ya miezi 6, nisingengoja 12.

Kipimo kilichothibitishwa ni plasta inayotoa mikrogramu 100 za estradioli kwa saa 24. Zipo za kubadilishwa mara mbili kwa wiki, na zipo za mara moja, soma boksi. Zile za mara mbili, chagua siku zisizobadilika, mfano Jumatatu na Alhamisi. Ukikuta za mikrogramu 50 tu, mbili kwa pamoja zinafanya kazi ya moja ya 100. Bandika chini ya kiuno, kwenye tumbo la chini au tako, na usibandike kamwe kwenye titi. Hamisha upande kila mara ili ngozi ipumzike. Ngozi iwe kavu na isiwe na mafuta ya kujipaka. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaoga, wanajipaka, wanabandika, na kufikia jioni plasta imenasa kwenye chupi. Bonyeza kwa kiganja sekunde kumi kamili. Ikidondoka kwa jasho la mazoezi, bandika mpya, na siku ya kubadilisha ibaki ile ile. Usiinunue kwa jina la "plasta ya homoni" tu: kuna plasta ya uzazi wa mpango yenye ethinilestradioli, na hiyo si yenyewe.

Kila mwezi, kwa siku 12, unameza progesteroni asilia miligramu 200 usiku. Usiku, kwa sababu inaleta usingizi. Haiongezi mfupa kwa kiasi cha kuhesabu. Kazi yake ni kuzuia estrojeni isinenepeshe utando wa mji wa mimba bila kikomo. Kama haipatikani, daktari anaweza kutumia medroksiprogesteroni, progesteroni ya kutengenezwa. Damu kidogo itatoka ukimaliza zile siku 12. Usiruke progesteroni kwa sababu plasta peke yake haikuletei usumbufu. Baada ya miezi kadhaa utando ulionenepa utaanza kutoa damu ovyo, na daktari atalazimika kuuchunguza.

Plasta si rahisi kuipata katika kila duka la dawa, kwa hiyo uliza kabla hujapanga tarehe ya kuanza. Jeli ya estradioli ni mbadala mzuri kwani nayo hupita kwenye ngozi: unapaka paja au mkono wa juu, unaacha ikauke, unanawa mikono, na ngozi hiyo isiguse mtoto. Jeli nyingi za pampu zinahitaji pampu 3 hadi 4 kwa siku ili kukaribia plasta ya 100. Vidonge vya estradioli ya kawaida ni chaguo la tatu. Navyo vinapita kwenye ini, ila si ethinilestradioli, na ushahidi wake kwa wanamichezo ni mdogo kuliko wa plasta.

Mwambie daktari kabla ya kuanza kama uliwahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye pafu, saratani ya titi, ugonjwa wa ini, damu ya ukeni isiyojulikana chanzo, au kipandauso kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni. Unayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au baadhi ya dawa za kifafa, sema pia, kwani hizo humaliza estrojeni haraka mwilini. Matiti kujaa na kichefuchefu kidogo mwezi wa kwanza ni kawaida.

Plasta haizuii mimba. Mifumo ikiamka, yai hutoka kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona hata siku moja ya hedhi. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba. Kitanzi chenye homoni kinaweza pia kuchukua nafasi ya zile siku 12 za progesteroni.

Uzito ukishakaa vizuri, simamisha homoni miezi miwili hivi kwa mpango na daktari, uone kama hedhi inakuja yenyewe. Isipokuja, unarudi kwenye plasta na kwenye sahani. DEXA irudiwe baada ya miezi 12, si kabla, na kwenye mashine ile ile. Tofauti kati ya mashine mbili inaweza kuzidi mabadiliko ya mwaka mzima ya mfupa wako.

Alendroneti na wenzake

Alendroneti hujishika kwenye mfupa na kukaa humo miaka, zaidi ya 10 kwa baadhi yake. Maana yake ukiimeza leo ukaacha baada ya miaka miwili, bado itakuwa ikitoka kidogo kidogo utakapobeba mimba ukiwa na miaka 28. Kwa wanyama inavuka kondo la nyuma. Tena dawa hii huzima ubomoaji wa mfupa, na ufa wa kukimbia hupona kwa mfupa kubomolewa kidogo na kujengwa upya. Kwa mwanamke aliyekosa estrojeni kwa sababu ya njaa, mwongozo wa 2017 unashauri isitumike. Kama umeshameza vidonge viwili au vitatu, usihangaike. Rudi kwa aliyekuandikia mzungumze. Kama kwa sababu nyingine mtu ataendelea nayo, inamezwa asubuhi tumbo tupu kwa bilauri nzima ya maji, bila chai, na unakaa wima dakika 30, la sivyo inachoma koo la chakula.

Denosumabu, sindano ya miligramu 60 kila miezi 6, ina mtego mwingine: ukichelewa au ukiacha bila dawa ya kufuatia, ubomoaji hurudi kwa kishindo na pingili kadhaa za mgongo zinaweza kuvunjika. Kwa kijana sioni nafasi yake. Teriparataidi ndiyo pekee kati ya hizi inayojenga, na huachiwa mtu mzima mwenye mfupa wa chini sana na ufa uliokataa kupona. Unajichoma mikrogramu 20 kila siku, kalamu inakaa kwenye friji na hutupwa baada ya siku 28, na matumizi kwa kawaida hayazidi miaka miwili. Haitolewi kwa ambaye mifupa yake haijafunga kukua, na msichana aliyechelewa kuvunja ungo apigwe eksirei ya kiganja kwanza. Mfupa uliopatikana nayo hupungua tena ikiachwa bila kitu cha kuushikilia.

Kwa kuwa unashindana, sikia hili vizuri. Estradioli na progesteroni haziko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Testosteroni, DHEA na tiboloni zimekatazwa, na raloksifeni na klomifeni pia, ndani na nje ya mashindano. Klomifeni ndiyo ya kuangalia sana, kwa sababu huandikwa kirahisi kwa wanawake "ili hedhi ije". Kwa mwenye estrojeni ya chini mara nyingi haifanyi kazi, na inaweza kukufungia riadha. Kila jina la dawa lipitishe kwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kabla ya kumeza, na uliandike kwenye fomu siku ya kupimwa.

Kalsiamu na vitamini D ni malighafi. Bila estrojeni na chakula hazijengi. Lenga kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu 300, na omena wanaoliwa na mifupa yao, ufuta na uji wa wimbi vinasogeza hesabu. Sukuma wiki inatoa kalsiamu yake vizuri kuliko mchicha, ambao unaishikilia kwa oksaleti. Ukilazimika kutumia vidonge vya kalsiamu kaboneti, meza 500 kwa mara moja pamoja na chakula, na uvitenganishe kwa saa mbili na vidonge vya madini ya chuma. Vitamini D ipimwe. Ikiwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita, uniti 1,000 hadi 2,000 kwa siku hutosha wengi.

Kuhusu huo muundi wa kulia: usiurudishe barabarani kwa sababu tu eksirei ni safi. Ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo. Bonyeza mfupa kwa kidole kimoja. Kama kuna doa moja la ukubwa wa sarafu linalouma, bado. Na siku utakapohisi maumivu ndani ya kinena au mbele ya paja unapokanyaga, acha kukimbia palepale, tumia magongo na utafute MRI wiki hiyo hiyo, maana shingo ya mfupa wa paja ikivunjika kabisa, kinachofuata ni chumba cha upasuaji.